Aliyeandika "I'm afraid" anaogopa nini?

Swali:

Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga mjini, kazi nimeianza mwaka huu. Juzi tulipata barua pepe kutoka kwa wakala wa meli aliyeko Uingereza. Sentensi ya kwanza ilisema: "I'm afraid the vessel will not berth before Thursday." Nikamweleza bosi kwamba wakala anaogopa meli itachelewa kufunga gati. Bosi akasema, muulize anaogopa nini, bandari yetu ni salama. Nikaandika hivyo hivyo: "What are you afraid of? Tanga is safe." Alijibu mstari mmoja tu, kwamba hakuelewa swali langu. Sisi tukaendelea kuita malori ya Jumanne. Meli ilifunga gati Alhamisi, na malori yalikaa bure siku mbili, gharama juu yetu. Shuleni nilifundishwa kwamba "afraid" ni kuogopa. Je, nilifundishwa vibaya? Na nitajuaje mtu anaogopa kweli na lini haogopi?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Hukufundishwa vibaya. Ulifundishwa nusu, na nusu hiyo ni ya kweli kabisa. Nusu ya pili haikai vizuri ubaoni, kwa sababu si maana ya neno peke yake bali ni adabu ya watu wanaolisema, na adabu mtu huiokota kwa kuishi na wenyewe. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na baada ya kustaafu nikafanya kazi ya tafsiri. Kosa hili lako nimeliona kwa wanafunzi wengi wenye akili nzuri. Nami nililifanya, mahali pabaya kuliko ofisini.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Bibi yangu mzaa mama aliteleza kisimani akaangukia mkono. Nikampeleka hospitali, tukapokewa na daktari mgeni asiyejua Kiswahili, nami nikawa mkalimani. Daktari aliishika ile picha ya mkono akaiweka kwenye mwanga, kisha akamtazama bibi kwa upole akasema: "I'm afraid it's broken." Nikageuka nikamwambia bibi, "Daktari anaogopa, mkono umevunjika." Bibi alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kama mganga mwenyewe anaogopa, mimi nimtegemee nani?" Usiku ule hakulala, na haikuwa kwa maumivu peke yake. Alikuwa akingoja jambo kubwa ambalo daktari ameliona na hakulisema.

Daktari hakuwa ameona jambo lolote kubwa. Mkono ulifungwa plasta na ukapona. Alichosema siku ile kilikuwa na tafsiri ya maneno manne ambayo mtoto wa darasa la pili angeyaweza: "Pole bibi, mkono umevunjika." Mimi niliyekuwa na cheti cha Kiingereza mkononi sikuyaona, kwa kuwa nilikuwa nikitafsiri neno badala ya kumtafsiri mtu.

Sasa tuje kwenye barua yako. Anayeogopa, anaogopa jambo ambalo bado halijawa. Mama anaogopa mtoto ataanguka, na mtoto bado yuko juu ya mwembe. Hofu ina mlango ulioachwa wazi, yaani huenda likawa, huenda lisiwe, na tukifanya bidii pengine litaepukika. Ndivyo ulivyoisoma ile sentensi, na ndivyo bosi wako alivyoisikia kutoka kwako. Mkaona kuna shaka fulani upande wa wakala, mkaamua kumtuliza moyo, mkabaki na mpango wenu wa Jumanne. Lakini wakala hakuwa na shaka yoyote. Kwake jambo lilikuwa limekwisha: meli haitafunga gati kabla ya Alhamisi. "I'm afraid" aliitanguliza kwa sababu alijua taarifa hiyo itawaudhi na kuwatia hasara, akaona vibaya kuitupa kavu. Ukitaka kuiandika kwa Kiswahili cha ofisi ingekuwa: "Samahani, meli haitafunga gati kabla ya Alhamisi." Mngesoma hivyo, malori yasingeitwa.

Kwa hiyo katika kazi yako shika hili kabla ya mengine: "I'm afraid" ya adabu haipunguzi uhakika wa habari inayofuata. Mara nyingi ni ishara kwamba habari imekwisha thibitika na ni mbaya. Ukikutana nayo mwanzoni mwa sentensi, soma kinachofuata kama taarifa kamili, uanze kupanga upya siku zako.

Usidhani Waingereza ni watu wa ajabu kwa kufanya hivi. Sisi watu wa pwani tuna ya kwetu, tena ya zamani. Mtu akija na habari ya msiba Ngamiani au Chumbageni, haifungui mlangoni. Atapiga hodi, ataamkia wakubwa, ataulizwa hali, naye atajibu, "Hatujambo, ila..." Hapo kwenye "ila" kila mtu barazani huacha alilokuwa akilifanya. Hakuna anayemuuliza, "Mbona umesema hamjambo?" Tunajua "hatujambo" ni mkeka uliotandikwa ili habari isianguke sakafuni kwa kishindo. "I'm afraid" ya Mwingereza inakaa palepale ilipo "ila" yetu. Tofauti ni kwamba yeye ameuchukua msamiati wa hofu kufanya kazi hiyo, sisi tumeuchukua wa salamu.

Kwa nini hofu? Nadhani mantiki yake haiko mbali. Anayesema hivyo kama anayesema: naogopa kukuudhi kwa hili ninalotaka kukwambia. Hofu yake haiko kwenye meli wala mfupa, iko kwako wewe msikilizaji. Baada ya karne kadhaa za kutumika hivyo hofu yenyewe imefifia, ikabaki heshima tu. Ni kama "samahani" inayosemwa na mtu anayepita katikati ya watu sokoni. Hakutenda kosa lolote la kusamehewa, anaomba njia.

Asili ya neno inapendeza, ngoja nikupe. Baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wa nchi ile walizungumza Kifaransa cha kwao, na maneno mengi yakaingia katika Kiingereza kupitia mabwana hao. Mojawapo lilikuwa kitenzi "affray", kushtua au kutia hofu, na "afraid" ni umbo lake la kutendwa: aliyetiwa hofu. Ukilifuata nyuma zaidi unakuta vipande viwili. Cha kwanza ni kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kutoa nje. Cha pili ni neno la kale la makabila ya Kijerumani lenye maana ya amani, lile ambalo Wajerumani wa leo hulitamka "Friede". Basi "afraid" kwa asili yake ni mtu aliyetolewa nje ya amani. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, maana ndivyo tunavyosema sisi. Mama ambaye mwanawe hajarudi baharini hasemi "ninaogopa". Anasema, "Tangu jana sina amani."

Lile neno "affray" lenyewe halijafa. Liko katika sheria za jinai, likiwa na maana ya kupigana hadharani na kuvunja amani ya watu. Ukimkuta wakili analitaja usidhani anazungumzia woga.

Zamani Kiingereza kilikuwa pia na neno jingine linalofanana nalo, "afeard", lenye asili ya Kiingereza chenyewe. Shakespeare alitumia yote mawili. "Afeard" limebaki kwenye lahaja na maandishi ya kale, kwa hiyo ukilikuta kwenye tamthilia usilisahihishe ukidhani ni kosa la mchapishaji.

Umeniuliza utajuaje. Iko njia ninayowapa wanafunzi wangu: ondoa "I'm afraid", weka "samahani", usikilize. "Samahani, meli haitafunga gati kabla ya Alhamisi" inasimama imara. Sasa chukua "I'm afraid of snakes". "Samahani nyoka" haisimami, kwa hiyo hapo mtu anaogopa nyoka kwelikweli. Utaona pia kwamba "of" haifuati kamwe ile ya adabu. Ikitokea "of", hofu ni ya kweli. Vivyo hivyo kukanusha: "I'm not afraid" ni ya woga na ushujaa peke yake, kwa sababu adabu haikanushwi. Na angalia nafsi. Adabu hii ni ya anayesema au anayeandika, kwa hiyo utaikuta na "I", na katika barua za kampuni "we". Ukisoma "The captain is afraid the ship will be late", usilete "samahani", kwa kuwa hapo tunaelezwa kilicho moyoni mwa nahodha, na nahodha ana wasiwasi.

Njia hii hukwama mahali pamoja, nami sitaki ukwame bila kujua. Fikiria mke wa mvuvi wa Sahare anayesema, "I'm afraid he won't come back tonight." Kama amesimama ufukweni jua limezama, upepo umegeuka na ngalawa haionekani, hiyo ni hofu yenyewe. Kama amesimama mlangoni kwake mbele ya mtu aliyekuja kudai deni, ni adabu: samahani, leo harudi, njoo siku nyingine. Maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Kwa masikio utawatofautisha, maana wa mlangoni huipitia "I'm afraid" upesi, karibu aimeze, na wa ufukweni huikalia. Katika maandishi huna sauti. Jiulize basi nani anamwambia nani, na nani ataumia kwa habari hiyo. Anayeumia akiwa msomaji, ni adabu. Anayeumia akiwa msemaji, ni hofu.

Kati ya hofu na taarifa iko sehemu ya tatu, na hapa ndipo Kiswahili chetu kina mali ambayo vijana wa siku hizi wanaiacha ipotee. Mtu anaposema "I'm afraid you have been cheated" au "I'm afraid I don't agree", haogopi, na si taarifa kavu vilevile. Anatoa rai asiyopenda kuitoa. "Naogopa umeibiwa" haikai. "Samahani umeibiwa" inamfanya yeye ndiye mwizi. Lakini bibi yangu, yule yule wa mkono, alikuwa na neno lake kila siku mdomoni: "Nachelea." Nachelea mvua itatukuta njiani. Nachelea huyu bwana amekudanganya. Nachelea kusema, lakini ndoa hiyo haina umri. Lile neno nilikua nalo, na sikuwahi kulihusisha na Kiingereza mpaka nilipokuwa mtu mzima, kwa sababu hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni kando ya "I'm afraid".

"Chelea" limetoka kwenye kitenzi kifupi "-cha", kuogopa kwa heshima, kile kile kilichotupa "mcha Mungu", "uchaji" na "kicho". Ndiyo methali isemayo, mchelea mwana kulia hulia yeye. Angalia, mzazi wa kwenye methali haogopi mwana, anaogopa kumliza. Anamwonea mtu mwingine uchungu kabla haujafika, na ndicho anachokifanya Mwingereza mwenye adabu zake. (Usilichanganye na "chelewa". Hilo linatokana na "kucha" ya alfajiri, yaani kukutwa na mapambazuko kabla hujafika. "Nachelea meli itachelewa" inasikika kama ndugu wawili, kumbe ni watu wa mji mmoja tu waliofanana sura.)

Kwa hiyo nikitafsiri hotuba au barua ninayo maneno ya kuchagua, wala sina moja la kudumu. Kwa msiba na ugonjwa ni "pole". Kwa taarifa za kazi ni "samahani" au "kwa bahati mbaya". Kwa barua nzito ya serikali ni "tunasikitika". Kwa rai ya upole ni "nachelea". "Naogopa" naiweka mahali mtu anapoogopa. Siku hizi nasikia redioni watangazaji wakisema "naogopa muda umetuishia". Linanisumbua. Saa iko mbele ya macho yake, anaogopa nini? Aseme "muda umetuishia, tuwieni radhi", na kila mtu amemwelewa.

Majibu mafupi yatakufika sana kwenye simu. Ukiuliza kama mzigo umezuiwa na ukajibiwa "I'm afraid so", maana yake ndiyo, umezuiwa, pole. Ukiuliza kama nyaraka zimekamilika na ukajibiwa "I'm afraid not", bado. Wengi huisikia "afraid" hapo wakaanza kuuliza kuna tatizo gani la usalama, kama ulivyofanya.

Na wewe utakapoliandika, yako mambo ambayo sarufi yake itakuumiza usipoyajua. Usiliweke kabla ya nomino. Hatusemi "an afraid child", tunasema "a frightened child" au "a scared child". "Afraid" hukaa baada ya kitenzi: "The child is afraid." Inalingana na "asleep", "alive" na "awake", ambayo nayo hayatangulii nomino. Ajabu ni kwamba ile "a" ya mwanzo haina asili moja na ya wenzake hao, lakini kwa kufanana nao imeshika tabia zao.

La pili lina utamu zaidi. Kiswahili chetu kinasema "naogopa kuingia pangoni" na "naogopa kupotea" kwa umbo lile lile la "ku". Kiingereza huyatenga. Tuseme umewapeleka wageni Mapango ya Amboni, na mmoja amesimama mlangoni pa pango, giza mbele yake na popo ndani. Atasema "I'm afraid to go in". Kuingia ni tendo lake, liko mikononi mwake, na hofu inamzuia kulitenda. Lakini kupotea humo ndani si tendo analolipanga, ni jambo linaloweza kumkuta, kwa hiyo atasema "I'm afraid of getting lost". Waingereza wenyewe huweza kusema "afraid of going in" na wasikosolewe. Lakini "afraid to get lost" utawafanya wakutazame, maana umesema kama mtu aliyetaka kupotea na akakosa ujasiri. Vilevile pale Raskazone: "afraid to dive", "afraid of drowning". Anayepiga mbizi ameamua. Anayezama hakuamua.

Halafu kuna "afraid for". "I'm afraid of my brother" ni namwogopa kaka yangu, pengine ana mkono mwepesi. "I'm afraid for my brother" ni namhofia, asije akapatwa na jambo. Kijineno kimoja kinageuza aliye adui kuwa mpendwa. Sisi kazi hiyo tunaitia ndani ya kitenzi chenyewe, hofu ikawa hofia, cha ikawa chelea.

Lingine dogo: "Don't be afraid to ask" kwenye barua za ofisi usilifasiri "usiogope kuuliza" kama vile wamekuona mwoga. Ni "usisite kuuliza". Na katika dini, ile hofu ya heshima kwa Mungu haichukui "afraid". Mcha Mungu kwa Kiingereza huitwa kwa neno "fear", "God-fearing". "Be not afraid" katika Biblia yao ni "msiogope" yetu, hofu ya kawaida ya binadamu aliyeshtuka. Kiswahili kimeyatenga mawili hayo kwa usafi kuliko Kiingereza, nami husema hivyo darasani bila aibu.

Sasa la leo. Yule wakala umjibu, wala usiache siku nyingi zipite. Usijieleze kwa kirefu. Andika: "Thank you for letting us know about the delay. I'm sorry I misread your message." Inatosha, ataelewa mara moja na hatakushusha hadhi. Kwa bosi wako mweleze kwamba sentensi ilikuwa taarifa, nawe uliipokea kama wasiwasi. Kama ana dakika tano msomee ile ya mke wa mvuvi, maana yeye ndiye aliyesema uulize, na barua nyingine kama hiyo itakuja.

Na siku utakapolazimika kumwandikia mteja wa nje kwamba kontena lake bado liko bandarini, utaanza wewe mwenyewe: "I'm afraid your container has not been released yet." Hutakuwa unaogopa chochote. Uifuatishe na sababu na siku unayotarajia, kwa sababu yule aliyekuandikia alikupa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa ya kweli.